Bwana Sahihi na Nyundo ya Baba

Dukani,
Jumatatu, tarehe 9.

Kwako Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na habari za kifua chako? Mara ya mwisho tulipoonana ulikuwa unakohoa kwa vumbi la sponji, na Mama mpaka leo anauliza kama kilipona, ingawa miaka miwili imepita na hakuna mtu wa kumjibu. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima isipokuwa mgongo. Mimi ni mzima, nimemaliza shule, nasubiri matokeo na nimepata kazi ndogo ambayo nitakueleza. Baba ukimuuliza atakwambia hajambo. Usimwamini.

Naomba usiichane barua hii kabla ya kufika mwisho. Najua ile ya mwezi uliopita ilikuudhi, na una haki. Hii naiandika kwa mkono, juu ya kaunta, wakati wa chakula cha mchana, na hakuna mtu wala mashine iliyoisoma kabla yako. Utaona makosa. Yaache kwanza, tutayarudia.

Kifurushi chako kilifika juzi Jumamosi. Baba alikuwa karakanani anavisha kochi la mwalimu mkuu mstaafu, mdomo umejaa misumari kama kawaida yake. Mama alipomwambia kuna mzigo umetoka kwako, aliitema misumari yote kiganjani. Unajua kwamba huwa haitemi hata mteja akija, anamsalimia nayo. Hakukata kamba. Alikaa akaifungua fundo moja moja kwa kucha, na sisi tumesimama pale kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ndani kulikuwa na gazeti, na ndani ya gazeti ile nyundo ya sumaku, ya kunasia misumari. Aliijua kwa kidole gumba, akapapasa pale kwenye mpini palipobonyea siku ulipoiangusha kwenye saruji.

Halafu akaanza kulipapasa gazeti. Aliligeuza, akapitisha kiganja ndani, akaniuliza kama hakuna karatasi nyingine. Nikamwambia hakuna. Akasema nisome hilohilo gazeti, pengine umeandika pembeni. Dada, nikasoma. Nilimsomea tangazo la matairi na habari za hali ya hewa, mpaka Mama akaninyang'anya. Baba akainuka, akaiweka nyundo kwenye rafu ya makopo ya gundi, wala hakuitundika kwenye msumari wake. Akarudisha misumari mdomoni. Kisha, nayo ikiwa mdomoni, akamwambia Mama kwamba tarehe kumi na tisa haendi hospitali. Mama akamuuliza kwa nini. Akasema ameshaona vya kutosha.

Nikueleze hayo macho, maana sidhani kama ulielewa ni jambo kubwa kiasi gani. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekuwa jeupe kama kifungo. Siku hizi anapima kitambaa kwa vidole. Mwezi uliopita alivisha kiti cha watu kitambaa nje ndani, maua yakawa upande wa sponji, na mwenye kiti kwa heshima akasema rangi ni nzuri. Mama alimfukuzia mbio mpaka barabarani akirudishe. Nafasi ya upasuaji imepatikana Alhamisi, tarehe kumi na tisa, baada ya kuisubiri tangu mwaka jana. Asipokwenda, jina linapelekwa mwisho wa orodha, na orodha hiyo inaishia mwakani. Daktari alimwambia Mama waziwazi kwamba jicho la kulia halitasubiri mwakani.

Mama amechoka nanyi, wewe na Baba. Amesema nyinyi wawili mmeshonwa kwa uzi mmoja, na kwamba siku moja atawafunika kwa kitambaa kimoja apigilie pembe zote nne, mkae humo mpaka mmoja aseme neno. Jana aliyatandika mashuka kwa hasira mpaka kitanda kikasogea.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu balaa lote lilianzia hapa.

Nafanya kazi kwenye steshenari ya mama mmoja anayeitwa na watu wote Mama Nakala. Tuna kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, na printa ambayo haichapi mpaka upige kofi ubavuni. Watu wanaleta barua zao, za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, za kulalamika, za kuombana msamaha, nami nazichapa. Kazi naipenda. Mtu mwenye aibu kama mimi anaweza kukaa siku nzima na maneno ya watu bila kulazimika kusema ya kwake. Mama Nakala husema jioni inabidi aangalie chini ya meza kabla ya kufunga, kama nimeondoka au bado nipo.

Miezi sita iliyopita aliweka kwenye kompyuta akili bandia, ile ya kusahihisha maandishi. Unaibandikia barua, unachagua unataka itoke vipi, unabonyeza, na kabla hujameza mate imekwisha. Mama Nakala ameipa jina Bwana Sahihi. Kila asubuhi akifungua duka anamsalimia yeye kwanza, mimi baadaye. Huyo Bwana Sahihi ana vitufe vinne: Rahisi, Kirafiki, Rasmi na Rasmi Zaidi. Mama Nakala hatumii kingine ila Rasmi Zaidi, kwa kuwa anasema mteja akiona maneno makubwa anajua amehudumiwa.

Dada, ningekuwa na mtu wa kumlalamikia ningeshalalamika zamani. Alikuja fundi bomba mmoja, kijana mpole, akitaka kumwandikia msichana wa duka la dawa. Karatasi yake ilisema kwamba akimwona anasahau alichotumwa. Mstari mmoja tu, nami niliupenda. Bwana Sahihi akautoa hivi: "Napenda kukujulisha kwamba uwepo wako huathiri umakini wangu katika utekelezaji wa majukumu." Yule msichana aliipeleka barua kwa mwajiri wake akidhani amelalamikiwa. Fundi bomba akarudi dukani, akasimama mlangoni bila kuingia, akamwambia Mama Nakala kwamba yeye alikuja kuposa, nasi tumemshitaki mtu.

Akaja mzee wa mtaa wa nyuma, anayetaka kuwaambia watu wa maji kwamba bomba ni kavu wiki ya nne. Barua ikatoka inasema tunathamini sana jitihada zenu. Mzee akavua miwani akauliza ni nani huyo anayethamini, kwa sababu yeye hayumo. Mama Nakala akamwambia hiyo ni lugha ya ofisi. Mzee akasema basi ofisi nayo iende ikachote kisimani.

Kila nikijaribu kusema neno, Mama Nakala ananijibu kwamba Bwana Sahihi hakosei. Na hapo ndipo ninapotaka kulia, Dada, maana ni kweli. Nimekaa naye miezi yote hii nikimtafutia kosa, sijalipata. Kila herufi ipo mahali pake. Nisimwonee pia. Yupo dereva mmoja aliyeleta maombi ya kazi yasiyosomeka, mstari wa pili umepanda juu ya wa kwanza, Bwana Sahihi akayanyoosha vizuri na mtu akapata kazi, akatuletea soda. Hata mimi nimejifunza kwake vitu ambavyo shuleni vilinipita. Lakini barua kumi zikiingia hapa zina watu kumi, zikitoka ni za mtu mmoja, naye hana mama wala baba.

Sasa nije kwenye ile barua yako.

Wiki nne zilizopita Baba alingoja Mama aende sokoni, akaniita karakanani, akafunga mlango. Alitaka nikuandikie. Kwa simu hataki. Anasema simu hukatika kabla yeye hajamaliza kunyamaza, na zaidi ya hayo wewe hupokei namba yoyote ya nyumbani. Nikakaa juu ya kochi lililokuwa bado na springi wazi, nikafungua daftari langu la hesabu kwa nyuma, naye akaanza kusema. Ilichukua asubuhi nzima. Alikuwa anasema neno, anapiga msumari, anasema neno. Tulipomaliza akataka nimsomee, kisha nimsomee tena, kama anavyofanya na vipimo vya kochi kabla ya kukata kitambaa. Nikamsomea mara mbili kutoka kwenye daftari. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia nitaichapa dukani ipendeze. Akasema ipendeze isipendeze, maneno yasiguswe, iende hivyohivyo.

Umeshaelewa. Iliyokufikia siyo ile niliyomsomea.

Yako ilikuwa na kichwa cha habari, "Yah: Matibabu na Kifaa cha Kazi." Ndani ilisema hivi, nami naijua kwa moyo kama wewe: "Ninatarajiwa kufanyiwa matibabu ya macho hivi karibuni. Uwepo wako, endapo ratiba yako itaruhusu, utathaminiwa. Kuhusu nyundo iliyochukuliwa karakanani, ni muhimu suala hilo lihitimishwe ipasavyo ili kudumisha uhusiano mwema." Halafu ikakutakia mafanikio katika majukumu yako. Hakuna baba wa namna hiyo duniani, na kama yupo si wetu. Yule hajawahi kusema "ipasavyo" tangu azaliwe.

Najua ulivyoisoma. Siku ulipoondoka kwenda kwenye kile kiwanda cha samani nilikuwepo, nimejificha nyuma ya marobota ya kitambaa. Nilimsikia Baba akisema mbele ya mteja kwamba nyundo ni ya karakana, siyo ya mtu, na usikanyage pale mpaka uirudishe. Nilikusikia nawe ukisema umenyoosha misumari iliyopinda miaka sita kwa ajili ya nyundo hiyo. Kwa hiyo ulipopata barua ya kuhitimisha suala la nyundo, ulihitimisha. Ungefanya nini kingine? Ila Baba huku hakujua kwamba umedaiwa nyundo. Yeye alikuwa amesema kitu kingine kabisa, kwa hiyo ilipofika aliipokea kama jibu.

Jana baada ya chakula nilimwambia. Nilikaa mbele yake na nakala ya ile barua mkononi, na kila nikijisogeza springi za kochi zinalia. Nikamwambia kwamba aliyoyasema hayakukufikia. Akataka nimsomee yaliyokufikia. Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ameugeuzia dirishani kama anavyofanya siku hizi kutafuta mwanga. Akauliza hicho kifaa cha kazi ndio nini. Nikamwambia ndiyo nyundo. Akasema nyundo ina jina. Akauliza tena ni nani huyo mwenye ratiba. Nikamwambia ni wewe. Akasema hata muuguzi wa hospitali, ambaye hamjui, huwa anamwandikia vizuri kuliko hivyo.

Nikamweleza habari za Bwana Sahihi. Akauliza kama hiyo mashine inachukua tu maneno ya mtu na kuyageuza, bila kumuuliza mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, Baba, haiulizi.

Mama alikuwa mlangoni anasikiliza, na sahani mkononi. Akasema kama ni hivyo Mama Nakala atamwona kesho asubuhi. Na leo asubuhi kweli alikuja. Alisimama hapa kwenye kaunta, akaulizia huyo Bwana Sahihi yuko wapi atoke nje. Mama Nakala akamwonyesha kompyuta. Mama akaitazama kwa muda, akasema angekuwa mtu angemjua leo. Mama Nakala naye akachukia, wakarushiana maneno mpaka mteja wa picha za pasipoti akaondoka bila picha. Mimi nilikuwa napiga kofi printa ili nionekane nina kazi. Nilikuwa nasikia joto mpaka masikioni, na siyo kwa sababu ya Mama.

Dada, sasa nakuambia jambo ambalo sikumwambia Baba jana, na Mama leo nimemwacha anamgombeza mtu asiyehusika.

Inauliza.

Siku ile nilipobandika maneno ya Baba, kabla ya kuyagusa, Bwana Sahihi alileta kiboksi katikati ya kioo. Kiliandika kwamba maandishi haya yanaonekana ni maneno ya mtu akizungumza, je, nihifadhi sauti ya mwandishi? Chini palikuwa na Ndiyo na Hapana. Mama Nakala hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua wino. Hakuna aliyenisukuma. Nilikaa na kile kiboksi kwa muda wa kutosha kunywa chai. Kisha nikabonyeza Hapana, nikabonyeza na Rasmi Zaidi, mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Utataka kujua kwa nini. Unaikumbuka barua niliyokuandikia mwezi ulioondoka? Nilikuwa kidato cha pili. Niliandika kurasa tatu, nikakueleza kila kitu, mpaka paka. Wewe ukanirudishia hiyohiyo barua, umeisahihisha kwa kalamu nyekundu, alama kumi na saba, nilizihesabu, na chini umeandika "Vizuri, ila rudia." Najua ulifanya kwa upendo. Ulikuwa wa kwanza kwa insha shule nzima, na ndivyo ulivyonifundisha tangu nikiwa mdogo. Lakini sikurudia. Sikukuandikia tena. Kila nilipokaa na karatasi niliziona zile nyekundu kabla sijaandika lolote.

Sasa Baba alipokuwa anasema, mimi naandika, nilikuwa naona aibu kwa niaba yake. Alisema neno moja mara nane. Alisema futa hiyo, kisha akasema isifutwe. Alisema mambo ambayo watu hawaandiki. Nikafikiri, barua hii ikimfikia Dada ilivyo, ataona Baba ni mtu wa ovyo na mimi ni mwandishi wa ovyo. Nilitaka uifungue usikute pa kuweka hata nukta moja nyekundu. Na ulipoipata, sidhani kama ulikuta. Nilifaulu. Hivyo ndivyo nilivyomkosesha Baba macho.

Kwa hiyo nimekasirika na Bwana Sahihi bure, na nimekasirika na Mama Nakala nusu bure. Na nawe nilikukasirikia Jumamosi yote, nikisema moyoni kwamba mtu gani anatuma nyundo bila hata salamu, wakati salamu niliifuta mimi. Barua hii ikishaingia posta, nikitoka dukani nitamwambia Baba ukweli wa kile kiboksi. Nimeiandika hapa kwanza ili nisiweze kurudi nyuma.

Haya ndiyo maneno yake. Karatasi yenyewe ya daftari nimeichana nimeiweka humu, ila mwandiko wangu ulikuwa unafukuzana naye, kwa hiyo nayanakili hapa bila kuongeza wala kupunguza:

"Mwambie ni mimi. Mwambie macho yameharibika, wanataka kuyapasua tarehe kumi na tisa. Mwambie siogopi. Hapana, futa hiyo. Mwambie naogopa kidogo. Hapana, acha ile ya kwanza pia, ajue nilianza na ipi. Mwambie nyundo ni yake. Niliijua ni yake tangu siku alipoiangusha akalia kabla sijamwona. Ile ya kusema airudishe niliisema kwa sababu mteja alikuwa amesimama pale na sikujua niuweke wapi uso wangu. Mwambie asiirudishe. Akiirudisha nitajua amekataa. Mwambie nasikia huko kiwandani wanapiga misumari kwa bastola ya hewa. Mwambie sawa, ilimradi pembe azikunje vizuri, bastola haikunji pembe. Mwambie..."

Hapo alinyamaza, Dada. Alipiga misumari sita, nilihesabu. Niliweka vitone kwenye daftari kwa sababu sikujua kunyamaza kunaandikwaje. Halafu akaendelea:

"Mwambie wakinifungua bandeji nataka nitakachoona kwanza kiwe yeye. Muuguzi sina ugomvi naye, lakini simjui. Mwambie aje. Umeandika aje? Soma."

Nikasoma aje. Akasema basi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yanakuja kwako. Mashine yenyewe iliyatunza mpaka ikaniuliza, na mimi nikasema hapana.

Mama anakusalimu sana. Anasema kitanda chako kipo, kwa sasa kimebeba sponji tatu za mteja lakini zinahamishika. Anauliza tena kuhusu kifua, naomba umjibu hata kwa mstari mmoja nipate kupumzika. Paka amezaa mara mbili. Mama Nakala hajakusalimu kwa sababu hajui nakuandikia, na sijui kama kesho bado nitakuwa na kazi.

Baba hakunipa salamu. Nilipotoka leo asubuhi nilimuuliza kama nikurudishie nyundo pamoja na barua, akasema posta hawavishi makochi, mwenye nyundo aifuate mwenyewe. Lakini nilipopita dirishani niliona ameitoa kwenye rafu ya gundi. Alikuwa anapapasa ukutani kwa kiganja, anautafuta ule msumari wa nyundo, na aliupata mara ya tatu akaitundika. Halafu nikamsikia akimuuliza Mama shati lake la kutokea liko wapi. Mama akamuuliza la kwenda wapi. Akasema ameuliza shati, hakuuliza safari.

Posta ya leo inakufikia Alhamisi hii. Utabaki na wiki nzima.

Nimeandika kurasa hizi zote bila kumpa mtu anisahihishie, na najua zimejaa. Itoe ile kalamu nyekundu, Dada, usinionee huruma, sahihisha zote. Ila usinirudishie kwa posta. Niletee mwenyewe, kabla ya Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, na safari hii nitarudia.

Nakusalimu kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Sindano